Mwongozo: Kutengeneza programu yenye dirisha ya kuiga mwendo wa chembe na kuchambua vipimo vya mwale

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa chuo, mwalimu wa fizikia au mtengeneza programu aliye Mbeya, Iringa, Njombe au popote kwenye Nyanda za Juu Kusini, ambaye anaijua Python kiasi cha kuandika programu ya kurasa mbili, anakumbuka matriksi za kidato cha nne, na ana kompyuta mpakato ya kawaida. Ukiufuata hadi mwisho utakuwa na programu yako mwenyewe inayochora njia ya chembe zenye chaji zikipita kwenye mlolongo wa sumaku, inayokuruhusu kubadilisha nguvu ya sumaku kwa kipanya na kuona matokeo papo hapo, na inayoweza kusoma vipimo vilivyochukuliwa kwenye mashine halisi na kuvichambua.

Wanafunzi huniuliza kwa nini tujisumbue na mashine ambazo hatuna. Ni kweli kwamba LHC, ile mashine ya kuongeza kasi ya chembe yenye pete ya kilomita 27 iliyofukiwa chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, iko mbali nasi, na sumaku zake 1,232 za kupindisha njia ya protoni hatutazigusa. Lakini sehemu kubwa ya mwendo wa chembe ndani ya pete kama hiyo huelezwa kwa matriksi ya mbili kwa mbili ambayo mtu aliyekaa Uyole au Mafinga anaweza kuizidisha kwa kalamu. Tena mashine hizi hazifanyi utafiti wa asili ya ulimwengu peke yake. Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam hutibu wagonjwa kwa mashine zinazoongeza kasi ya elektroni kwenye mstari mnyoofu, iThemba LABS karibu na Cape Town ina saiklotroni yake, yaani mashine inayozungusha chembe ili kuziongezea kasi, na SESAME ya Jordan, iliyozinduliwa mwaka 2017, huzungusha elektroni zenye nishati ya GeV 2.5 (GeV moja ni elektronivolti bilioni moja) ili zitoe mwanga wa kuchunguzia maada. Katika kila sehemu ya namna hiyo kuna mtu aliyekaa mbele ya skrini yenye grafu na vitufe, na kuna mtu mwingine aliyeitengeneza skrini hiyo. Huyo wa pili anaweza kuwa wewe.

Kabla ya hatua yenyewe ya kwanza, niseme msimamo wangu, ambao nimeupata kwa kuharibu kazi mara kadhaa: dirisha hutengenezwa mwisho. Anayeanza kwa kupanga vitufe na kuchagua rangi hujikuta baada ya wiki tatu ana kitu kizuri kinachochora hesabu mbovu, na kwa kuwa kinapendeza, hakuna anayekitilia shaka.

Hatua ya kwanza: andika swali moja

Chukua karatasi uandike sentensi moja inayosema programu itamjibu nani na itamjibu nini. Yetu katika mwongozo huu ni hii: «Nikibadilisha nguvu ya sumaku, je, mwale utabaki ndani ya bomba au utatawanyika?» Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, usifungue kompyuta bado.

Hatua ya pili: hesabu ya seli moja

Chembe zinazosafiri pamoja, yaani mwale wenyewe, huelekea kutawanyika, kwa hiyo lazima zikusanywe mara kwa mara kama lenzi mbinuko inavyokusanya mwanga. Kazi hiyo hufanywa na sumaku ya ncha nne. Tatizo lake ni kwamba sumaku hiyo ikizikusanya chembe kwa upande wa mlalo, huzitawanya kwa upande wa wima, na ukiigeuza, mambo nayo hugeuka. Aliyewahi kupanga magunia ya mpunga wa Mbarali ndani ya lori anaijua tabia hii: ukilibana gunia ubavuni, linafutuka juu, ukilikandamiza juu, linavimba ubavuni.

Ufumbuzi ni kupanga sumaku hizo kwa kupokezana, moja ya kukusanya kisha moja ya kutawanya, zikiwa na nafasi tupu katikati. Jumla yake, kinyume na mtu anavyotarajia, ni kukusanya pande zote mbili, kwa sababu chembe hufika kwenye sumaku ya kukusanya ikiwa mbali na mhimili, mahali ambapo nguvu ni kubwa, na hufika kwenye ile ya kutawanya ikiwa karibu na mhimili, mahali ambapo nguvu ni ndogo. Kanuni hii ilichapishwa mwaka 1952 na Courant, Livingston na Snyder wa maabara ya Brookhaven, Marekani. Baadaye ikabainika kwamba Nicholas Christofilos, mhandisi wa lifti aliyekuwa Athens, alikwisha kuifikia peke yake na kuiombea hataza miaka miwili kabla yao. Huwa nawasimulia wanafunzi habari ya mhandisi huyo kila wanaponiambia kwamba mambo haya ni ya watu wenye maabara kubwa.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Chembe tunaieleza kwa namba mbili: umbali wake kutoka kwenye mhimili, kwa milimita, na mwelekeo wake, kwa miliradiani. Nafasi tupu yenye urefu L hubadilisha umbali na kuuacha mwelekeo ulivyo. Lenzi nyembamba, inayosimama badala ya sumaku, yenye umbali wa fokasi f (hasi kwa ile ya kutawanya) hubadilisha mwelekeo na kuuacha umbali ulivyo. Kila kimoja ni matriksi, na seli nzima, yaani lenzi ya kukusanya, nafasi tupu, lenzi ya kutawanya na nafasi tupu nyingine, ni zao la matriksi nne. Kwenye Python huandikwa hivi:

import numpy as np

def nafasi(L):
    return np.array([[1.0, L], [0.0, 1.0]])

def lenzi(f):
    return np.array([[1.0, 0.0], [-1.0/f, 1.0]])

seli = nafasi(2.0) @ lenzi(-2.0) @ nafasi(2.0) @ lenzi(2.0)

Zingatia kwamba mlolongo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto: chembe hukutana kwanza na lenzi iliyoandikwa mwisho. Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe halitoi onyo lolote, kwa kuwa matriksi zilizopangwa kinyume nazo huzidishika bila shida.

Kabla hujaiamini kompyuta, fanya hesabu hiyo kwa mkono mara moja. Kwa L ya mita 2 na f ya mita 2, matriksi ya seli ina -1 na 6 katika mstari wa juu, na -0.5 na 2 katika mstari wa chini. Anzisha chembe ikiwa milimita 1 kutoka kwenye mhimili na mwelekeo sifuri. Mwisho wa seli ya kwanza itakuwa kwenye -1, mwisho wa seli ya pili kwenye -2, kisha -1, kisha 1, kisha 2, na mwisho wa seli ya sita itakuwa imerudi kwenye 1 na mwelekeo wake umerudi sifuri kamili. Hakuna bahati hapo. Kosaini ya pembe ambayo mwale huizunguka katika kila seli ni 1 ukitoa L² iliyogawanywa kwa 2f², ambayo kwa namba zetu ni 0.5, yaani nyuzi 60, na mara sita nyuzi 60 ni mzunguko mmoja. Nilichagua namba hizi makusudi, ili uwe na jibu unaloweza kulibeba kichwani.

Hatua ya tatu: majaribio yanayobaki

Hesabu uliyoifanya kwa mkono usiitupe. Iandike iwe jaribio ambalo programu italifanya kila unapoibadilisha. Majaribio matatu yanatosha kwa kuanzia. La kwanza linahakikisha kwamba seli ikizidishwa yenyewe mara sita hutoa matriksi ya utambulisho. La pili linahakikisha kwamba kipimo bainifu, ile namba inayopatikana kwa kuzidisha pembe za matriksi na kutoa, ni 1 kwa kila kipande na kwa jumla yake, kwani kikiwa zaidi ya 1 au pungufu yake, programu yako inaumba au inameza nafasi ya mwale ambayo fizikia haikuruhusu. La tatu ni la upande wa wima: geuza alama za lenzi zote mbili, uanzishe chembe kwenye 1, na upate 1, 0, -1, -1, 0 na 1 kwa mfuatano mwishoni mwa seli sita.

Usilinganishe namba zenye desimali kwa alama ya usawa. Kompyuta itakuambia kwamba 1 na 0.9999999999999998 ni vitu viwili tofauti, na kwa kanuni zake itakuwa imesema kweli. Tumia np.allclose.

Katika hatua hii hii ndipo pa kumalizana na vizio, maana ndivyo vimekula saa nyingi zaidi za maisha yangu kuliko kosa jingine lolote. Kwenye mashine halisi hakuna mtu anayekupa f. Unapewa mteremko wa uga wa sumaku kwa tesla kwa mita, urefu wa sumaku kwa mita, na kani mwendo (momenta) ya chembe kwa GeV/c. Nguvu ya sumaku k ni 0.2998 mara mteremko, ikagawanywa kwa kani mwendo, na 1/f ni k mara urefu. Kwa elektroni ya GeV/c 1 na sumaku ya urefu wa sentimita 20, f ya mita 2 inahitaji mteremko wa tesla 8.34 kwa mita. Mtu akiandika 1000 kwa sababu alikuwa anafikiria kwa MeV, ambayo ni sehemu ya elfu ya GeV, lenzi hudhoofika mara elfu, mwale hupita kama hakuna sumaku, na grafu itakuwa mistari iliyonyooka ya kupendeza sana. Kwa hiyo kila jina la kigeu libebe kizio chake ndani ya msimbo: andika urefu_m, kani_GeV, mteremko_T_m. Majina yanakuwa marefu na hayana mvuto, lakini hutalazimika kukisia miezi sita baadaye.

Hatua ya nne: tenga hesabu na dirisha

Faili la hesabu lisijue kwamba dirisha lipo. Jaribio la kuthibitisha hilo ni rahisi: fungua faili la hesabu utafute jina la maktaba yoyote ya kuchora. Ukilikuta, liondoe. Maelezo ya mlolongo wa sumaku yawekwe kwenye faili la tatu la maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa kila kipande, ili mtu aweze kubadilisha mpangilio bila kugusa msimbo.

Faida ya utengano huu utaiona siku utakapotaka kulinganisha majibu yako na programu za watu wazima. CERN, maabara inayoendesha LHC, inatoa MAD-X na Xsuite, programu za kuiga mwendo wa chembe, na zote zinaweza kuendeshwa bila dirisha. Zipe zote, yako na zao, mlolongo uleule, ulinganishe pembe za mzunguko. Usishtuke ukikuta tofauti ndogo endapo upande wa pili umeweka sumaku zenye urefu wakati wewe umeweka lenzi nyembamba. Hizo ni hesabu mbili za vitu viwili vinavyofanana, na lazima uzifananishe kwanza ndipo ulalamike.

Hatua ya tano: dirisha

Sasa ndipo unaruhusiwa kulitengeneza. Mimi hutumia PySide6, ambayo ni njia ya kuitumia Qt, maktaba ya kutengeneza madirisha, kutoka Python, pamoja na Matplotlib kwa grafu. Tkinter huja na Python yenyewe katika kompyuta nyingi na inatosha kwa zoezi la darasani, ila utaichoka grafu zikiongezeka.

Mpangilio uwe mnyenyekevu. Grafu ichukue robo tatu ya dirisha. Mhimili wa chini uwe umbali kwa mita, wa pembeni uwe milimita, na chini kabisa, katika ukanda mwembamba, chora sumaku zenyewe kama visanduku: vya kukusanya vielekee juu ya mstari na vya kutawanya vielekee chini. Hivyo ndivyo wenye kazi hii walivyozoea kuiona, na atakayekuja akiwa na uzoefu hatahitaji kuelezwa. Pembeni weka kitelezi kimoja cha f, na kando yake kisanduku ambamo mtu anaweza kuandika namba kamili. Kitelezi peke yake humkera anayetaka 1.414 akaishia kwenye 1.41, na kisanduku peke yake kinaua ile raha ya kuburuta na kuona mistari ikicheza, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sababu nzima ya kuwa na dirisha.

Kuna jambo moja la grafu linalotaka uangalifu mkubwa. Mlolongo wetu hubaki thabiti ilimradi L iwe ndogo kuliko mara mbili ya f. Kwa L ya mita 2, mpaka uko kwenye f ya mita 1. Ukiburuta kitelezi hadi 0.9, umbali wa chembe huelekea kukua karibu mara mbili na nusu katika kila seli, na baada ya seli kumi unahesabika kwa mita badala ya milimita. Mwanafunzi mmoja niliyekuwa namsimamia aliburuta hadi hapo na hakuona kitu. Grafu ilionekana tulivu, seli nyingi za mwanzo zikiwa mstari bapa na mwishoni pakiwa na kona moja tu. Tulizunguka alasiri nzima tukiisaka hitilafu kwenye matriksi, mpaka mmoja wetu akazisoma namba za mhimili wa pembeni: Matplotlib ilikuwa inajipimia ukubwa upya kila inapochora, kwa hiyo mwale ulivyozidi kulipuka, ndivyo grafu ilivyozidi kusogea mbali ili ionekane yote. Lawama ilikuwa yangu, kwani niliuacha mhimili ujiamulie. Tangu siku hiyo mipaka ya mhimili wa pembeni naifunga kwenye nusu kipenyo cha bomba, na mistari miwili ya kijivu huonyesha kuta zake. Chembe inayoivuka inatoka nje ya picha, na mtazamaji anaona kwamba imetoka.

Pamoja na hilo, weka maandishi juu ya grafu yanayosema hali ya mwale kwa maneno. Programu inajua kosaini ya pembe. Ikiwa nje ya -1 na 1, iseme wazi kwamba mlolongo si thabiti, na isijaribu kukokotoa pembe ambayo haipo.

Hatua ya sita: chembe nyingi bila kugandisha dirisha

Chembe moja hufundisha, lakini mwale halisi ni chembe nyingi zenye mtawanyiko. Tengeneza chembe 10,000 kwa namba za nasibu zenye mgawanyo wa kengele, uziweke katika matriksi moja yenye mistari miwili na safu 10,000, kisha uizidishe kwa matriksi ya seli mara moja. Anayezipitisha chembe moja moja kwa kitanzi cha Python atasubiri pasipo sababu.

Ongeza na tofauti ya kani mwendo. Chembe yenye kani mwendo kubwa kwa asilimia 1 huchelewa kidogo kukusanywa, kwa sababu f yake ni ndefu kwa asilimia 1. Kitelezi cha pili cha jambo hili kitakuonyesha kwamba chembe zilizoanza pamoja huachana kidogo kidogo kadiri seli zinavyoongezeka, na utaanza kuelewa kwa nini mashine halisi zina sumaku za ziada za kurekebisha hali hiyo.

Hesabu ikirefuka, dirisha litaganda: vitufe havibonyezeki, na mtumiaji atalifunga kwa nguvu akidhani limekufa. Dawa ni kuihamishia hesabu kwenye uzi mwingine wa kazi kwa kutumia QThread. Sharti lake ni moja na halina msamaha: uzi wa hesabu usiguse kitu chochote kilicho kwenye dirisha. Utume ishara yenye matokeo, na dirisha lenyewe ndilo lichore. Ukilivunja sharti hili programu inaweza kwenda vizuri siku nne na kuanguka siku ya tano, tena mbele ya wageni. Ishara nazo zisitumwe kila hatua ya hesabu. Mara 20 kwa sekunde zinalitosha jicho la mtu.

Hatua ya saba: kuchambua vipimo

Upande wa pili wa programu unasoma data za kweli. Kipimo cha kawaida ni picha ya mwale kwenye kioo kinachong'aa kikigongwa na chembe, iliyopigwa na kamera. Kila picha hujumlishwa kwa safu ili ipatikane kengele moja, na upana wa kengele hiyo ndio ukubwa wa mwale.

Kabla ya kulinganisha kengele na fomula kwa curve_fit ya SciPy, programu ifanye mambo mawili bila kuulizwa. Itoe mwanga wa nyuma, yaani picha iliyopigwa mwale ukiwa umezimwa, maana mwanga huo huipanua kengele miguuni. Kisha ihesabu pikseli zilizofika kikomo. Kwa kamera ya biti 8 kikomo ni 255. Kilele kilichokatwa kikawa bapa kinaifanya kengele ionekane nene kuliko ilivyo, na fomula italingana nacho vizuri tu bila kulalamika. Picha ya namna hiyo ionyeshwe kwa rangi tofauti na isiingizwe kwenye hesabu mpaka mtumiaji aamue mwenyewe.

Amua pia unamaanisha nini unaposema upana. Upana wa kengele kwenye nusu ya kimo chake ni 2.355 mara sigma, ambayo ni kipimo cha kawaida cha mtawanyiko wa kengele. Aliyepewa kimoja akadhani ni kingine atapata ubora wa mwale, ambao hutegemea mraba wa upana, ukiwa umekosewa zaidi ya mara tano.

Ubora huo, unaoitwa emitansi, hupatikana kwa kubadilisha nguvu ya sumaku moja ya ncha nne na kupima upana wa mwale kwenye kioo kilicho mbele yake. Mraba wa sigma, ukichorwa dhidi ya 1/f, huunda parabola, na vizidishi vitatu vya parabola hiyo vinakupa vitu vitatu vya mwale usivyoweza kuviona moja kwa moja: mraba wa ukubwa wake, mraba wa mtawanyiko wa mwelekeo wake, na uhusiano wa ukubwa na mwelekeo. Kihesabu, vipimo vitatu vinatosha. Kiutendaji chukua kama kumi, na uhakikishe kwamba sehemu ya chini kabisa ya parabola imo ndani ya vipimo vyako, kwani parabola iliyopimwa bega moja tu hukubali karibu jibu lolote. Linganisha mraba wa sigma, usilinganishe sigma yenyewe.

Emitansi ni kipeuo cha pili cha zao la vile viwili vya kwanza ukitoa mraba wa cha tatu. Vipimo vikiwa na kelele, namba iliyo chini ya kipeuo inaweza kuwa hasi. Nimewahi kuona programu iliyoiondolea alama ya hasi kimyakimya na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Yako isimame iseme: «Vipimo hivi havitoshi kupata emitansi», na ionyeshe parabola pamoja na vipimo vyenyewe ili mtu aone kipi kimepotoka.

Hatua ya nane: kuhifadhi

Kila matokeo yahifadhiwe pamoja na vitu vilivyoyazaa: faili la mlolongo, thamani za vitelezi, mbegu ya namba za nasibu, toleo la programu na tarehe. Kuna juma zima la kazi nililolihifadhi kama picha za grafu peke yake, nikaombwa nizichore upya kwa kipimo kingine, nikabaki nazitazama.

Umeme nao una la kusema katika hatua hii. Kompyuta ya mezani haina betri, na mvua za Machi huku kwetu hazikuulizi kama umemaliza kuandika faili. Programu iandike kwanza kwenye faili la muda, iisukume data hadi kwenye diski kwa os.fsync, ilifunge, kisha ilibadilishe jina kwa os.replace. Umeme ukikatika katikati, faili la zamani linabaki zima.

Hatua ya tisa: kuikabidhi

Kabla ya kuigawa, mkalishe mtu mbele yake na ukae nyuma bila kusema neno. Mimi nilimkalisha mwalimu wa fizikia kutoka Tukuyu, mtu makini, mkubwa kwangu kwa umri. Aliburuta kitelezi hadi maandishi yakawa mekundu, akanigeukia akauliza, «Mwalimu, hapa chembe zimeungua?» Maandishi yangu yalikuwa yanasema tu «Si thabiti», yakiwa mekundu kama alama ya hatari ya moto. Nikayabadilisha yakawa: «Mwale unatawanyika: f ni ndogo kuliko nusu ya L. Ongeza f.» Akaongeza f, mistari ikarudi ndani ya kuta, akaendelea mwenyewe bila kunigeukia tena. Nikaandika pia maswali mengine manne aliyoyauliza, na matatu kati yake yalikwisha kwa kubadilisha maneno tu, bila kugusa hesabu.

Kwa wanaoipokea mahali ambapo bando ni ghali, pakua maktaba zote mara moja ukiwa chuoni au kwenye mtandao wa kasi, uziweke kwenye flashi pamoja na programu:

pip download -d vifurushi numpy scipy matplotlib PySide6

Mpokeaji ataziingiza bila intaneti hivi:

pip install --no-index --find-links vifurushi numpy scipy matplotlib PySide6

Kompyuta mbili hizo lazima ziwe na mfumo endeshi wa aina moja na toleo lilelile la Python, vinginevyo vifurushi vitakataliwa. Weka kwenye flashi hiyo mlolongo wa mfano wenye L ya mita 2 na f ya mita 2, pamoja na karatasi yenye namba 1, -1, -2, -1, 1, 2, 1. Mpokeaji akiwasha programu kwa mara ya kwanza, azilinganishe na umbali ambao programu inaonyesha mwishoni mwa kila seli kabla ya kugusa kitelezi chochote.